Ka ya Mwisho

Alikuja wiki ya tatu ya muhula wa pili,
sare ya kuazima, soksi moja ndefu kuliko ya pili,
ameshikwa mkono na mamake mdogo
anayesuka nywele pale stendi ya Mikindani.
Kwenye rejista nikaandika Maua.
"Mauwa," akasema,
akaniangalia mpaka nikaongeza ile w.

Katoka Uvira, wakaniambia, ng'ambo ya Tanganyika,
Kiswahili anacho.
Anacho kweli. Ila chake kina mkia.

Insha ya kwanza: Mama Yangu.
Mada sikuichagua, ipo kitabuni, ukurasa wa kumi na tisa.
Wala sikuuliza mtu.

*Mama alikuwaka anauzisha ndagala ku soko.
Alikuwaka na sauti mubaya lakini aliimbaka.
Alinisukaka nywele kila siku ya posho.
Alikufaka mu njia.*

Kalamu nyekundu ikapita kama fagio.
Aliuza. Sokoni. Mbaya. Aliimba. Jumamosi.
Alikufa. Hata hapo nikakata ka,
nikaandika pembeni: kiambishi hiki hakipo.
Saba kwa ishirini.

Kisha nikafafanua ubaoni. Ka yetu, watoto,
hukaa mbele, ikifuata nafsi:
akaamka, akanawa, akaenda.
Ndiyo inayosukuma hadithi.
Yake imekaa mwisho wa neno, imegeuza shingo,
kama mtu aliyepakiwa lorini
akitazama walikotoka.
(Hili la lori sikulisema. Nimeliona baadaye.)

Mapumzikoni Kazungu na wenzake
walishampa jina: Kunguru.
Ka! Ka! mpaka chini ya mkungu,
na kunguru wenyewe juu ya mabati wakaitikia,
maana Mombasa ndege hawa hawajui kunyamaza.
Hakulia. Aliokota kungu,
akaipasua kwa jiwe, akala kiini.

Kilichomshinda ni maji.
Kwao ziwa halina chumvi,
unachota, unakunywa, hakuna anayekudai.
Hapa ya kisima ni ya kufulia,
matamu huja na mkokoteni wa Chengo,
mtungi shilingi thelathini.
"Mwalimu, maji matamu inauzishwaka?"
Nikafungua kinywa nisahihishe.
Nikakifunga.

Nyanya yangu, Kuze, aliniita "Ndoo ule, ndaa itakuua."
Usiku: "Fumba mato."
Nikayaandika mato shuleni,
nikapigwa rula vidoleni,
macho, macho, mara hamsini.
Tangu hapo nilimjibu kwa lugha ya kitabu,
naye akaanza kusema nami polepole,
kwa heshima,
kama anayezungumza na mgeni.

Muhula ukaisha, mwingine ukaja.
Mauwa akazoea mbaazi kwa mahamri,
Kazungu akamfundisha matusi mawili ya Kigiriama,
soksi zikalingana.

Mwezi wa kumi nikawapa mada huru.
Yeye akairudia ile ile.

*Mama yangu alikuwa akiuza dagaa sokoni.
Alikuwa na sauti mbaya lakini aliimba.
Alinisuka nywele kila Jumamosi.
Alifariki njiani.*

Alifariki. Adabu hiyo
sijui aliipata kwa nani.
Nikaisoma mara mbili, kalamu wazi mkononi,
nikitafuta pa kuitua.
Hapakuwa na kosa.
Hapakuwa pia na sauti mbaya, wala wimbo,
wala vidole kichwani pa mtoto.
Nikampa ishirini zote,
kama mtu anayelipa faini.

Kengele ilipolia alibaki nyuma.
Akafungua daftari, akaweka kidole
mstari wa kwanza, neno la tano.
"Hii niliandika juu ya alama," akasema.
"Dagaa ni ya huku, Mwalimu.
Mama aliuzishaka ndagala."